Jinsi Nguchiro Alivyompeleka Nyati Zahanati

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na wakwe, na ujinga wao ulikuwa kama wetu. Kaeni sawa niwaeleze.

Asubuhi moja Nyati alikwenda kukata majani ya kuezekea. Njiani alikuwa amelala kifutu, yule nyoka mnene mvivu ambaye ukija hakimbii, hukaa palepale kama njia ni yake. Nyati naye haangalii chini. Ataangaliaje na ukubwa ule? Akakanyaga. Fyaa! Akaumwa juu ya kwato.

Alijikokota mpaka nyumbani, mkewe akapiga yowe, majirani wakajaa. Na hapo ndipo wakubwa wa kijiji walipoonyesha akili zao. Kifaru alichukua rungu akaenda kumtafuta nyoka, kana kwamba nyoka akifa sumu itatoka mguuni kwa aibu. Kiboko alifunga kamba ya katani juu ya goti, akaikaza mpaka mguu ukaanza kufa ganzi. Fisi, mganga wa kijiji, akaleta jiwe jeusi alilorithi kwa babu yake, akalibandika kwenye jeraha. Akatangaza kwamba jiwe hunyonya sumu, likishiba huanguka lenyewe, na kabla halijaanguka mgonjwa asivuke kizingiti.

Nguchiro, jirani yao mdogo, ambaye ukoo wake umepigana na nyoka tangu dunia iumbwe, alisimama mlangoni akiutazama mguu unavyovimba. Aliwaambia kwamba Sista Twiga anayo dawa ya sumu ya nyoka kule zahanati, ng'ambo ya kijito, nayo huingizwa kwenye mshipa. Wambebe sasa hivi.

Kiboko akasema mgongo unamuuma. Kifaru, aliyerudi bila nyoka, akasema ana jipu begani. Fisi akasema jiwe bado halijashiba.

"Na likichelewa kushiba?" Nguchiro akauliza.

"Mwanamke wewe, jiwe hili lilikuwepo kabla hujazaliwa."

"Hata makaburi yalikuwepo."

Wakamfukuza, eti analeta mkosi. Wakakaa kivulini wakibishana kama kifutu anang'ata kwa meno ya juu au ya chini. Uvimbe ukapanda mpaka pajani. Fizi za Nyati zikaanza kutoa damu.

Mke wa Nyati, mwenye ndama anayenyonya bado, alimfuata Nguchiro nyuma ya jiko akilia. Nguchiro akamwambia ayatunze hayo machozi, atayahitaji baada ya muda mfupi. Kisha akapenya dirishani, akailegeza ile kamba polepole, akamwinamia mgonjwa sikioni.

"Shemeji, ukitaka kupona, kufa."

Nyati akafungua jicho moja. "Nife?"

"Mgonjwa hawambebi. Maiti watamgombania. Na usitikisike hata mkia, maana anayetapatapa sumu humkimbilia."

Nyati akafumba macho. Mkewe akaangua kilio, na Nguchiro akatoka mbio kwenda kumwarifu Sista Twiga.

Mngeona msiba ule! Kabla chungu cha maharage hakijachemka, jeneza limekuja, kamba zimekuja, masufuria yamekuja, hata wale waliosema wana shughuli shambani wamekuja na vijiko vyao. Fisi akabandua jiwe lake, akasema walichelewa kumwita. Makaburi ya ukoo wa Nyati yalikuwa ng'ambo ya kijito, na njia hupita mlangoni pa zahanati. Kiboko akashika mbele, Kifaru nyuma, tu-tu-tu-tu, wakavuka maji bila kutua hata mara moja.

Mlangoni pa zahanati wakamkuta Nguchiro amesimama katikati ya njia. Akawaambia hakuna kuzika bila karatasi ya Sista, waingize maiti iandikiwe. Kiboko hupenda sheria isiyomsumbua, akakubali. Maiti ikaingizwa, mlango ukafungwa, na Sista Twiga, asiyependa mzaha kazini, akatundika dripu yenye dawa.

Wakangoja nje mpaka jua likahama. Kiboko akalalamika kwamba hajawahi kuona karatasi ikiandikwa muda wote huo. Mara sauti dhaifu ikatoka ndani.

"Sista, hakuna uji?"

Kifaru aliondoka na uzio wa zahanati shingoni. Fisi alimfuata. Kiboko alibaki kwa sababu alikwama langoni, na alipokwisha kuelewa akafura.

"Umetudanganya, Nguchiro. Umetubebesha mgonjwa!"

"Kaka yangu, alipokuwa mgonjwa ulikuwa na mgongo. Alipokuwa maiti ukavuka kijito mbio. Hebu tuambie na sisi, mgongo uliutibu kwa dawa gani?"

Waombolezaji wote wakageuka kumtazama. Kiboko akashuka kijitoni bila kuaga, akajizamisha mpaka puani, na mpaka leo mchana kutwa yumo humo.

Nyati alipona, ila anachechemea.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naishusha: mbebe mwenzako angali anapumua, maana maiti hana haraka.