Ndafu na Ada ya Binti

Wapendwa, kulikuwa na baba mmoja, na naomba msigeuke kumtafuta kwenye mabenchi. Binti yake alikuwa nesi. Alipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo mwaka mmoja, ajifunze kuwahudumia watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Vyuo viwili vikamkubali, nchi mbili tofauti.

Baba akakaa kulinganisha. Ada, bweni, chakula, bima, viza, mpaka makoti ya baridi! Akajiona mjanja kweli. Chuo kimoja kilizidi kingine kwa milioni nne.

"Baba, hicho cha ghali kina wodi," binti akamwambia. "Nitawashika watoto wenyewe. Kile kingine ni darasani tu."

"Mwanangu, cheti ni cheti. Milioni nne siziokoti barabarani."

Binti akakubali. Mlitaka afanye nini, agombane na baba yake?

Basi ikalipwa ada ya kile cha bei nafuu. Lakini si mnatujua? Mtoto apande ndege hivi hivi? Majirani watasemaje? Baba akaita kamati ya sherehe ya kumuaga. Ukumbi, mapambo, muziki, mshereheshaji anayejulikana, na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, kasimamishwa mezani na majani mdomoni. Bili ikafika milioni tano. Hapo baba hakulinganisha kitu na kitu. Alilipa huku anacheka.

Siku ikafika. Mshereheshaji akamwita binti amlishe baba yake kipande cha kwanza. Baba akasogea kifua mbele, kamera zikammulika, akafungua mdomo.

Binti akamwinamia, akamnong'oneza: "Asante, baba. Kula taratibu. Hii ndiyo wodi yangu."

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Baba akatafuna, akatafuna, nyama ikagoma kushuka. Aliona aibu mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua isipokuwa mtoto wake.

Mbona kimya, ndugu zangu? Sisi ni hodari wa kubana matumizi, lakini tunabana wapi? Kwenye kinachomjenga mtoto tunavutana hadi shilingi ya mwisho. Kwenye kinachoonwa na wageni hatuulizi bei. Mungu atatuuliza habari za mtoto. Za mbuzi hatatuuliza.

Najua wapo hapa wenye kikao cha sherehe leo jioni. Nendeni. Ila kabla hamjachangia ndafu, mwiteni mtoto mwenyewe, mumuulize amepungukiwa nini.