Mto wa Kibwana

Mlio macho, itikieni! Mnaosinzia, tokeni!

Alikuwepo bwege mmoja, Kibwana. Mkewe Mishi alikuwa na mimba ya miezi minane, na usingizi ulikuwa umemkimbia.

"Mume wangu, nishonee mto wa sufi niegemeze tumbo."

"Wenzako wanalala, wewe una nini?"

Mishi hakukoma kuomba. Kibwana, mvivu hata wa kuokota sufi, akaenda kwa jini wa msituni.

"Mke wangu anataka mto."

"Mto wa namna gani?"

"Mto tu!"

"Mkubwa?"

"Mkubwa, anyamaze!"

"Niuweke wapi?"

"Kitandani! Jini mzima hujui mto?"

Jini akacheka, akapiga kofi. Usiku ule maji yakabubujika chumbani, mto wa kweli, na mamba wake. Yakamzoa Kibwana, yakamtupa juu ya mkorosho, mamba wakamngoja chini. Kitanda cha Mishi kikaelea polepole kama susu ya kubembelezea mtoto, tumbo likawa jepesi, akalala fofofo.

Alfajiri Kibwana akalia, "Mishi! Sijafumba jicho!"

Mishi akajigeuza ubavu. "Wenzako tunalala, wewe una nini?"

Ngano imelala hapo. Msiiamshe.