Karatasi Zilizofungia Vikombe

Wapendwa, kaeni vizuri. Yule mama anayembembeleza mtoto amalizie tu, namngoja. Leo nina mfano, na nitawaambia mapema kwamba mimi mwenyewe niliupenda mpaka ulipofika mwisho.

Kulikuwa na mama mmoja. Nitampa jina, maana mfano usio na jina mnaanza kumtafuta mwenyewe humu ndani, na shingo zinageuka. Tumwite Nakijwa. Kama yupo Nakijwa hapa leo, dada yangu, si wewe.

Nakijwa aliolewa mbali na kwao. Mume wake alikuwa mpasua mbao, akaangukiwa na gogo, nyonga ikavunjika, akawa mtu wa kitandani na kwenye kiti. Nyumba nzima ikabaki inaegemea cherehani ya mke. Na kwenye cherehani, Nakijwa alijua mishono ya kunyooka tu: mapazia, foronya, kupinda mashuka. Gauni angeweza kuliunganisha, lakini kulikata kulimshinda.

Jambo la ajabu ni kwamba mama yake mzazi alikuwa fundi mwenye sifa zake. Gauni la yule bibi ukilivaa lilikukaa, uwe mnene, uwe mwembamba, uwe na ujauzito. Ila alishika mwiko wa mafundi wa zamani wa kwao: kitambaa hakikatwi mbele ya watu. Akishakupima, anaingia chumbani, anafunga mlango, anatoka na vipande tayari. Nakijwa alikua pale pale nje ya mlango, akipewa vipande na kukanyaga cherehani, na hakujua hata siku moja mle ndani kunafanyika nini.

Sasa akina mama wa kanisa la kule alikoolewa wakataka sare za sikukuu ya mavuno. Wakamwambia, "Mama yako tunamjua. Kazi ni yako." Nakijwa akashangilia, akarudi nyumbani, akakata gauni la kwanza kwa kukisia. Lilikuwa la mwenyekiti. Mwenyekiti akalivaa, likapendeza kweli, mpaka alipoambiwa ainue mikono kama anaimba. Mikono ikagoma.

"Mdogo wangu," mwenyekiti akasema, "hili ni gauni la kuzikwa nalo. Mtu mzima wa afya anainua mikono. Jitahidi, na ukishindwa tutapeleka mjini, usituone wabaya."

Mnaona alipobanwa? Kazi hii ikienda mjini, nani atamletea tena kitu zaidi ya foronya? Na mgonjwa ndani anakula nini?

Akampigia mama yake. Bibi hakuwa na simu, alitumia ya mkwe wake, mke wa mwanawe, na mkwe huyo naye alikuwa fundi, tena ule mkato wa bibi alikuwa anautamani kwa miaka. Alikuwa amekaa pale pale, sikio limesimama. Kwa hiyo bibi akaongea kwa kifupi.

"Mama," Nakijwa akasema, "macho yako najua yameingia ukungu, siwezi kukusumbua ukate. Lakini nisaidie. Nipe mkato wako."

"Nakutumia boksi," bibi akasema. "Unachokitaka kimo humo. Usitupe kitu, mwanangu. Umenisikia? Usitupe hata kimoja." Na simu ikarudi kwa mwenyewe.

Boksi likaja na basi. Nakijwa akalifungua mbele ya mume wake. Akatoa kitu cha kwanza kilichoviringishwa gazeti. Kikombe. Cha pili kimeviringishwa karatasi ngumu ya kaki, ile ya mfuko wa saruji. Kikombe. Akaendelea hivyo hivyo mpaka chini ya boksi, karatasi juu ya karatasi, na ndani vikombe vya zamani vya kwao, kimoja hakina mkono.

"Labda wamekosea," mume akasema. "Labda ni boksi la mtu mwingine."

"Hiki kisicho na mkono nilikivunja mimi," Nakijwa akajibu. "Nilichapwa kwa ajili yake."

Akavitazama ndani, akavigeuza matako juu, akavigongagonga. Hamna kitu. Hata karatasi zenyewe hazikueleweka. Hakukuwa na gazeti zima hata moja. Jingine limeliwa mviringo upande, jingine limechongoka, na moja lilikuwa na shimo la nusu mwezi na vitobo vya pini pembeni.

"Panya wa kwa mama siku hizi wanakula kwa mpango," mume akasema, na wakacheka kidogo. Halafu Nakijwa akaacha kucheka, akalia. Alilia kwa sababu alidhani ameelewa. Mama amezeeka, akawaza. Nimemwomba mkato, amenitumia vikombe. Akili ya mama yangu imeanza kuondoka na mimi niko mbali.

Lakini alikuwa binti mtiifu. Aliambiwa asitupe kitu, hakutupa. Vikombe akavipanga kabatini. Na karatasi? Jamani, karatasi ni mali kwa mwanamke mwenye akili. Za kaki akafunikia madaftari ya watoto. Gazeti moja akatandika kwenye rafu, ncha zake akazikatakata maua zikaning'inia vizuri kama kitambaa cha kufuma. Jingine akalisokota, akajaza kwenye viatu vilivyoloa mvua, vikakauka bila kupinda. Jingine akalilowesha, akasugulia kioo cha dirisha mpaka kikang'aa. Akaviringishia maparachichi mabichi yakaiva. Akatengeneza pakiti za kutilia karanga. Zilizobaki akaziweka karibu na jiko, za kuwashia mkaa.

Mwenyekiti alipopita akasimama mlangoni, akashangaa. "Wewe unajua kutunza nyumba!" Wiki iliyofuata akamwita kwenye kikao cha akina mama, awafundishe matumizi ya magazeti. Wakapiga vigelegele. Na kila jioni Nakijwa alikaa mbele ya kitambaa cha sare, mkasi mkononi, hajui aanzie wapi. Akikigeuza huku haoni, akikigeuza huku haoni, anakikunja, analala. Alichanganyikiwa kiasi cha kuuliza kama kweli yeye ni mtoto wa yule fundi.

Basi siku moja bibi akaja mwenyewe, bila taarifa, ameshikwa mkono na kondakta kushuka. Alikuja kuyaona hayo magauni kwa vidole vyake, ndivyo alivyosema, kwa sababu macho hayafai. Nakijwa akamkalisha, akakimbilia jikoni kuchemsha chai, akamletea kwenye kikombe cha kwao.

Bibi alikuwa amesimama kwenye rafu. Anapapasa ile karatasi iliyokatwa maua, anapapasa tena.

"Hii ni kwapa," akasema. "Mbona umeikata hivi?"

"Mama, hiyo ni karatasi ya rafu tu."

"Ni kwapa, Nakijwa. Mkono uko wapi? Mgongo uko wapi?"

Nakijwa akaitazama ile karatasi, kikombe kiko mkononi. Halafu ikamwingia akilini. Kile kilichokuwa kinafanyika nyuma ya mlango miaka yote. Mama anatandika karatasi juu ya kitambaa, anabana kwa pini, anafuata ukingo. Mkato wenyewe ndio zile karatasi! Bibi alizifungia vikombe ili mkwe asijue anachotuma.

Akaanza kukimbia ndani ya nyumba. Akavua madaftari nguo zake. Akachomoa vilivyomo kwenye viatu. Akafumua pakiti za karanga. Akazileta zote sakafuni, zimekunjamana, zimeloa mafuta, na bibi akapiga magoti akazipanga kwa kupapasa. Mgongo huu. Mkono huu, nusu yake. Kifua hiki hapa.

"Shingo iko wapi?" bibi akauliza. "Ina nusu mwezi. Bila shingo siwezi kupata mabega, na bila mabega hakuna gauni."

Wapendwa, Nakijwa alitamani ardhi immeze. "Mama," akasema, "nimewashia jiko. Sasa hivi. Nilikuwa nakuchemshia chai."

Bibi akashika kikombe chake, hakunywa.

"Lakini mama, uliniambia nisitupe," Nakijwa akalia. "Sikutupa hata kimoja!"

"Kweli hukutupa," bibi akasema polepole. "Ungetupa jalalani, mwanangu, ningekwenda kuokota."

Sare za mavuno zilishonwa mjini.

Sasa mnisikilize, maana naona wengine mmeshaanza kumwonea huruma Nakijwa, na mimi sitaki mmwonee huruma. Nataka mniambie kosa lake. Alikuwa mvivu? Hakuwa mvivu. Alidharau zawadi ya mama yake? Aliitumia yote! Alipigiwa vigelegele na kanisa zima kwa jinsi alivyoitumia.

Na sisi je? Sisi hatutupi vitu vya Mungu, hata kidogo. Biblia tunayo. Moja inazuia mlango usijifunge kwa upepo, nyingine iko chini ya mto ili mtoto asiote vibaya. Sala tunayo, tunafungulia nayo vikao vya harusi halafu tunagombania kamati. Ubatizo tunautumia kupata cheti cha kupeleka shule. Hata jina la Yesu tunalo, tunaapia nalo sokoni kwamba nyanya ni za leo. Tumetandika rafu, tumekausha viatu, tumesugua madirisha mpaka yanang'aa, na wageni wanatusifu kwamba nyumba hii ni ya Mungu. Na jioni tunakaa mbele ya maisha yetu, mkasi mkononi, hatujui tuanzie wapi. Tunasema Mungu ametutumia vikombe tu.

Mzee, wewe uliyesema juzi kwamba umeomba miaka mingi hujaona jibu, nenda kaangalie jibu umelitandika wapi. Na mimi nitaangalia, maana kwangu pia kuna rafu nzuri sana.

Kwa sababu Bwana mwenyewe anakuja, na hatatoa taarifa. Hataenda jalalani kututafutia makosa. Ataingia ndani, atapapasa kimoja kimoja, na atatuuliza kwa upole, kama mama: shingo iko wapi?

Tutamwambia tulikuwa tunamchemshia chai?