Vikombe vya Sultani Ghalibu

Alikuwako katika mji wa Nurandi, ulio baina ya jangwa na milima, sultani aliyeitwa Ghalibu bin Mahfudhi, mtu mwenye moyo laini na masikio mazito, na mimi nampenda kwa lile la kwanza na kumlaumu kwa la pili. Na mji ule haukuwa na mto wala mvua ya kutegemea, ila maji yake yaliletwa na jini mmoja, jina lake Barhamani, aliyefungwa na watu wa kale kwa ahadi ya kuyavuta kutoka mlimani hadi kwenye chemchemi ya marmar uani kwa sultani. Na ahadi ile ilikuwa na sharti: kila mwaka raia wote, wanaume kwa wanawake, waingie uani na kila mmoja aweke kikombe cha kahawa mbele ya kiti cha enzi, akisimamishe wima kama ameridhika na utawala, na akifudikize kama ana malalamiko.

Waziri Dahmani, mtu aliyependa sifa kuliko chakula, aliona kuwa vikombe vilivyofudikizwa vinamkosesha bwana wake usingizi, akaanza kuwakamata wenye vikombe hivyo kimyakimya na kuwatia gerezani, na kumwambia sultani kuwa wamesafiri. Miongoni mwao alikuwamo Suwedi, mpiga mbiu wa mji, aliyemposa Jokha mdarizi wa kofia. Na kosa lake ni kusema hadharani kwamba askari wa waziri huvunja milango ya watu bila ya kadhi kujua. Jokha akabaki na kofia ya harusi ambayo haijamalizwa, na kila akishika sindano machozi yanamtangulia.

Mwaka uliofuata vikombe vyote vikasimama wima, na sultani akalia kwa furaha.

"Dahmani, watu wangu wananipenda!"

"Wanakupenda, seyyid yangu, hata wamekosa la kusema."

Na hilo, masikini, lilikuwa kweli tupu. Papo hapo chemchemi ikakoroma na kukauka, na jini akapanda kutoka ndani yake, mrefu kupita minara.

"Ewe Barhamani!" akasema sultani. "Umevunja ahadi, na vikombe vimewekwa?"

"Vimewekwa, ewe mfalme, lakini mimi nilifungwa kwa neno la watu, na leo sikusikia neno la mtu, nimesikia mioyo ikidunda kwa hofu. Asiyeweza kufudikiza kikombe chake hajakisimamisha kwa hiari."

Watoto wakaanza kulilia maji. Ndipo Jokha akatoka katikati ya umati, akainama na kukifudikiza kikombe chake. Askari wakachomoa panga, na sultani akawazuia kwa mkono.

"Binti yangu, nimekukosea nini?"

"Seyyid, Suwedi wangu hakusafiri. Yumo chini ya sakafu hii unayoikanyaga."

Sultani akageuka kumtazama waziri, na waziri akatazama viatu vyake. Basi Ghalibu akateremka mwenyewe, akafungua milango ya gereza kwa mkono wake, na Suwedi akatoka akipepesa macho, sauti yake imekauka, hata jina la mchumba wake alilitamka kwa midomo tu. Jokha akamshika uso kwa mikono miwili. Nani angeliona lile asilie?

Lakini chemchemi ilitoa matone tu.

"Nimewafungua! Wataka nini tena?" akauliza sultani.

"Umewafungua kwa huruma yako," akajibu jini, "na huruma ni mali yako, kesho waweza kuamka bila nayo. Wape kitu ambacho hata wewe huwezi kuwanyang'anya."

Basi raia wakaketi uani pamoja na sultani wao, wakabishana mpaka makoo yakauma, kisha wakachonga maneno yao kwenye ukingo wa marmar: mtu asifungwe kwa neno lake, nyumba isiingiwe bila amri ya kadhi, na asiwepo mfungwa asiyefikishwa mbele ya kadhi. Na ili maneno hayo yapate mlinzi, wakaongeza kwamba vikombe vilivyofudikizwa vikizidi vilivyosimama, mtawala ashuke kwa amani na watu wachague mwingine.

"Nami nikishuka, binti yangu, nani atanilinda?" akauliza Ghalibu.

"Maneno hayo hayo, seyyid," akasema Jokha.

Maji yakapanda. Vikombe vikawekwa upya, na vilivyofudikizwa vikazidi. Ghalibu akavua kilemba cha enzi akamkabidhi Khelefu, mwashi waliyemchagua watu, na Dahmani akatiwa gerezani. Na katika harusi ya Suwedi na Jokha, aliyewamiminia wageni kahawa alikuwa Ghalibu mwenyewe, na kofia kichwani mwa bwana harusi ilikuwa imekamilika pande zote.

Mwaka ukapita, na Ghalibu akapanga foleni kama wengine, na alipofika mbele ya Sultani Khelefu akakifudikiza kikombe chake. Uani kukavuma ghadhabu.

"Huyu? Aliyetufungia watu wetu? Mkamateni!"

Askari wakamwendea, na chemchemi ikaanza kukoroma. Jokha akasimama, akaweka kikombe chake kifudifudi ubavuni mwa kile cha mzee, akasema, "Hata yeye."

Askari wakasimama. Khelefu akatazama maneno ya marmar, kisha akateremka kitini. "Baba, una lalamiko gani?"

"Dahmani, seyyid. Yumo gerezani mwaka mzima na hajaletwa mbele ya kadhi. Najua alilolitenda, nalo ni baya. Lakini hajasikilizwa."

Dahmani akaletwa siku hiyo hiyo, akasikilizwa, na kadhi akamhukumu kuviosha vikombe vya mji mzima, mwaka baada ya mwaka, vilivyosimama na vilivyofudikizwa. Na wasimulizi wa Nurandi husema kwamba haki za watu na uchaguzi wao hunywa katika chemchemi moja, na ukimzibia mmoja umemzibia na mwenziwe. Siku ile Suwedi alipanda juu ya ukuta, na kwa sauti yake iliyokwisha kurudi akawatangazia watu kuwa maji yapo, waje na mitungi.