Hatua ya Ndiva

Binti mmoja na kaka yake walikuwa na mchezo wa simu. Waliutengeneza wenyewe katika chumba cha kupanga mjini, na watu wengi waliupenda sana mpaka walipofika hatua ya saba.

Binti aliitwa Naelijwa. Yeye ndiye aliyeubuni mchezo na kuuchora, na kaka yake Sifueli ndiye aliyeuandikia programu. Ulikuwa mchezo wa kilimo cha kwao, milimani Upare. Mchezaji anakuwa mwanamke mwenye shamba bondeni, na kila hatua ina kazi yake: kusafisha mfereji, kupanda mahindi, kufukuza tumbili. Tumbili wale walikuwa na tabia ya kumgeuzia mchezaji makalio na kuyatikisa kabla ya kukimbia, na wapo watu walioirudia hatua ile kwa makusudi ili watukanwe tena.

Hatua ya saba ilikuwa ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo wazee walilijenga juu ya kijiji ili likusanye maji ya kijito. Linajaa polepole. Likijaa, kizibo kinatolewa na maji yote yanashuka kwa mkupuo mmoja hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Katika mchezo, ukigusa kioo cha simu, mwanamke anaacha jembe bondeni, anapanda na kuzibua. Akizibua mapema, maji machache yananywewa na mfereji mkavu njiani na shamba linabaki vumbi. Akichelewa, ndiva inafurika, ukingo unabomoka na mahindi yanasombwa. Kwa vyovyote vile unarudi mwanzo.

Juu kabisa, kando ya maji, Naelijwa alimchora mlinzi wa ndiva. Huyo alikuwa baba yao, mzee Kiangi, aliyeifanya kazi hiyo kijijini mpaka magoti yalipomkatalia, na sasa alikuwa amelala kaburini nyuma ya kanisa. Mchoro ule haukuzidi punje ya mchele, lakini Naelijwa alimvika baba yake koti la kahawia, akamwekea kiraka cha kiwiko, na akaacha tundu moja la kifungo likiwa tupu, kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa. Hakuna mchezaji ambaye angeliona tundu hilo. Naelijwa alijua lipo, na hilo lilimpa usingizi.

Kulikuwa na jambo jingine aliloliweka kwa uangalifu uleule. Alipokuwa mdogo, alikuwa akipanda na baba yake hadi ndiva kila alfajiri, na baba alimfundisha asiyatazame maji, maana maji hudanganya. Alimfundisha kulitazama jiwe la ukingoni. Jiwe likigeuka rangi, likawa jeusi kwa unyevu, ndiva imejaa. Basi Naelijwa akaliweka jiwe hilo kwenye mchezo, nalo liligeuka rangi kwa wakati wake, taratibu, kama jiwe la kweli. Alipoicheza hatua ile mwenyewe hakushindwa hata mara moja.

Watu walishindwa, na waliandika maoni yao. Mmoja alisema aliyetengeneza hatua hii ana kinyongo na ukoo wao. Mwingine aliandika, "Nimeoa, nimepata mtoto, mtoto ameota meno, mimi bado niko hatua ya saba." Sifueli alicheka kwa hayo mpaka akashika mbavu. Lakini mwingine aliuliza, "Na yule mzee aliyekaa pale juu, kazi yake ni nini hasa?" Naelijwa aliposoma hilo aliiweka simu kifudifudi mezani, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kisha maoni yakapungua, na hilo likawa baya zaidi. Watu waliacha kulalamika kwa sababu waliacha kucheza.

"Tuirekebishe," Sifueli alisema. "Maji yajae haraka, basi. Au tuweke kitufe, asiyeweza aruke aende hatua ya nane."

"Ukiondoa kusubiri, kaka, unabaki na bomba."

"Watu wana bomba, Naeli. Ndiyo maana wanatukimbia."

Sifueli hakuwa mtu mkali. Ni yeye aliyewajibu wachezaji wote, kwa upole, hata wale waliotukana, na alipoona mdogo wake hajala alimletea chapati na kumwekea karibu na mkono. Lakini aliwaona watu wakiondoka na hakuweza kuvumilia. Mwishowe akamwambia kwamba wakifika Jumamosi bila kupata njia, ataiondoa hatua ya ndiva yote, na mchezo utatoka ya sita uingie ya nane. Alisema hivyo akiangalia chini. "Hata mimi nilikuwa mtoto wake," alisema.

Hatua ile ndiyo iliyobeba sura ya baba yao, na kuifuta ilikuwa, kwa Naelijwa, kumzika mara ya pili. Alichukua simu akaicheza tena, akitumaini kwamba safari hii atashindwa na kuona wanachokiona wengine. Akafaulu. Akarudia, akafaulu. Hapo akawa mkaidi zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa alikuchukua kufaulu kwake kuwa ushahidi. Mimi naweza, alijiambia, basi inawezekana. Wenzangu wana haraka tu, na mwenye haraka hastahili maji.

Siku ya Ijumaa mama yao aliteremka kutoka milimani na kifurushi cha tangawizi na maharage ya kupikia makande, kwa sababu aliamini mjini hakuna maharage. Aliwakagua wote wawili, akasema wamekonda, akaomba ungo, akaanza kuchambua mchele wao aliodai una mawe kuliko mchele. Sifueli, ambaye alikuwa na hila zake, aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari mbele yake.

"Mama, hebu mpelekee huyu mama maji shambani. Ukigusa hapa, anapanda kuzibua."

Mama alivaa miwani. Aliitazama picha kwa muda mrefu. "Huyu si baba yenu?" alisema. "Mbona mmemfanya mfupi hivi?" Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Naelijwa alisimama nyuma yake. Moyo ulimwenda mbio, na aliona aibu kwamba unakwenda mbio kwa sababu ya mchezo. Aliwaza kwamba huyu sasa si mtu wa bomba. Huyu ameishi kwa maji ya ndiva tangu alipoolewa. Yeye ataelewa, na Sifueli atanyamaza. Juu ya kioo maji yalipanda. Jiwe likageuka rangi. Mama alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliweka kando, akachukua jingine. Maji yalifika ukingoni, yakafurika, ndiva ikabomoka, na mahindi yakasombwa yote.

"Jamani, mahindi ya watu," mama alisema kwa masikitiko.

Mchezo ukarudi mwanzo. Mama akautupia macho, akangoja, akachambua mchele wake kwa utulivu, na ndiva ikabomoka tena. Ilipokaribia kujaa mara nyingine Naelijwa hakuweza kujizuia.

"Mama, mbona hugusi? Imejaa. Si aende akazibue?"

Mama aligeuka akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nitakwendaje, mwanangu, na baba yenu hajaniita?"

Nyuma ya mgongo wake, simuni, mahindi yalisombwa, na hakuna aliyeyatazama.

Katika kijiji chao mlinzi wa ndiva haruhusiwi kushika kizibo. Wazee waliweka hivyo ili asije akampendelea mtu. Yeye hukaa juu na kuyaona maji. Anayezibua ni mwenye zamu, naye yuko chini shambani, ambako haoni maji wala jiwe, anaona migomba na ukungu tu. Kwa hiyo mlinzi hupewa pembe. Ndiva ikijaa anaipuliza, na mwenye zamu akiisikia anaacha alichoshika na kupanda. Mpaka hapo anapalilia, anapika, ananyonyesha, anasengenya jirani kidogo. Hakai akitazama mlima. Anajua kuna mtu juu aliye macho kwa ajili yake.

Naelijwa aliijua pembe ile. Kila asubuhi aliisikia karibu na sikio lake, akaziba masikio kwa viganja, kwa maana kwake ilikuwa kelele ya kumwambia kwamba sasa aende shule. Hakuwahi kuisikia kutoka chini. Utoto wake wote aliupitisha upande wa anayeona. Na alipokuja kutengeneza mchezo, alimweka mchezaji bondeni pamoja na mama yake, kisha akampa ishara ya jiwe, ambayo ni ya mtu aliyekaa juu. Alimchora baba kwa koti, kiraka na tundu la kifungo, na akamnyima kitu kimoja tu ambacho watu wa bondeni walimjua nacho.

Aliketi sakafuni, miguuni pa mama. Sifueli angeweza kumcheka, na Naelijwa angestahili, lakini alikaa naye sakafuni.

"Ilikuwa inaliaje, mama?" Naelijwa aliuliza. "Ukiwa kule chini."

Mama akaona haya. Akavua miwani, akakunja viganja vyake viwili mdomoni, akapuliza: sauti ndefu, ya chini, iliyopanda kidogo mwishoni kama mtu anayeuliza kama upo. Sifueli akamwambia arudie, akamsogezea simu.

"Safari hii usicheke, mama."

"Ninyi ndio mnaonichekesha. Mkae mbali."

Alirudia, akacheka katikati, akarudia tena, na ile ya mwisho ilikuwa nzuri. Baadaye Sifueli alisema watafute pembe ya kweli wairekodi, na Naelijwa alikataa, kwani pembe ya kweli ingelia kama inavyosikika juu, si kama ilivyomfikia mama bondeni.

Hawakuifuta hatua ya saba, na Jumamosi ikapita kama Jumamosi nyingine. Hawakuyaharakisha maji, wala hawakuweka kitufe cha kuruka. Ndiva ilijaa polepole kama zamani. Kilichobadilika ni kwamba ikijaa, yule mzee mdogo kama punje ya mchele anasimama, anainua pembe, na kutoka simuni inatoka sauti ya mjane wake. Pia Sifueli alisema wapo wachezaji wasiosikia, na wapo wanaocheza simu zikiwa kimya kwenye foleni za benki, basi Naelijwa akachora ndege wanaoruka kutoka mitini bondeni mlio unapowafikia. Alikaa na ndege wale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Watu wakarudi, wengine wakiwa na manung'uniko. Bado walichelewa, maana ukiitwa ni lazima upande, na njia ilikuwa ndefu. Bado wenye papara walizibua kabla ya kuitwa wakapata vumbi. Mmoja aliandika kwamba mzee amemwita akiwa amepakua ugali, na hajui kama amsamehe. Lakini hakuna aliyeuliza tena kazi ya mzee ni nini, na wachache waliandika kwamba siku hizi hata wakiwa hawachezi, huiacha hatua ile ikiendelea mezani huku wakifanya mambo yao.

Mama alipojaribiwa tena alikuwa na ungo uleule mapajani. Alichambua bila kuinua macho. Pembe ilipolia aliweka ungo chini, akainuka kwenye kiti na kuanza kujifunga khanga kiunoni, ndipo akakumbuka yuko wapi. Akaketi, akajicheka, akagusa kioo kwa kidole kimoja. Mwanamke wa bondeni akapanda. Maji yakashuka, yakaushinda mfereji, yakalifikia shamba la mwisho.

Basi wewe uliyewekwa mahali pa kuyaona maji, uwe mzazi, mwalimu au mkubwa wa kazi: hao unaowaambia wasubiri, kutoka kwako wanasikia nini?