Mtu wa Arobaini wa Nakalongo

Haya, sogeeni, na kila mmoja aseme wallahi kwamba maneno haya hayatavuka kizingiti. Aliyenipa mimi aliniapisha, nami nikaapa mkono kifuani. Lakini nimeyakalia tangu Rajabu, na leo naona kuficha habari za waja wema ni choyo. Kiapo nitakilipia kwa kufunga siku tatu, Mola ni msamehevu. Sikilizeni basi.

Inasimuliwa kwamba hapo kale, kusini ya mto Ruvuma, katika nchi ya Wayao, palikuwa na jimbo lililokatwa mapande mawili na mto uitwao Luwesi. Upande wa machweo ni milima yenye baridi, na huko ndiko alikokaa sultani. Upande wa mawio nchi inashuka, inakuwa tambarare ya mchanga na matete. Watu wa milimani walifua chuma, wa bondeni walilima mihogo na kuvua kambare, na wote walikuwa Waislamu, alhamdulillahi. Ila wa milimani waliwaita wa bondeni washamba, na wa bondeni waliwaita wa milimani wachoyo. Mie sisemi nani alikuwa na haki, ingawa nimesikia mengi.

Sultani alitawala kwa majumbe, na desturi yake ilikuwa hii: kijiji chenye sala ya Ijumaa, jumbe wake huvikwa kilemba chekundu na huketi barazani pamoja na wakubwa. Kijiji kisichokuwa nayo, jumbe wake hungoja uani mpaka aitwe. Na sala ya Ijumaa, kama tulivyofunzwa, haisimami ila kwa wanaume arobaini, wakazi wa mahali, wasiohama masika wala kiangazi.

Sasa kijiji cha Nakalongo, huko bondeni, kilikuwa na wanaume thelathini na tisa. Thelathini na tisa, wanangu! Kwa hiyo kila Ijumaa walivuka Luwesi kwenda kusali Mbalika, ng'ambo ya pili. Kiangazi maji ni ya kiunoni. Masika mto ule hauna adabu.

Alikuwako hapo Nakalongo mkunga mcha Mungu, Abiti Chikoja, yaani binti Chikoja, maana ndivyo Wayao wanavyowaita wanawake kwa heshima. Midomo yake haikukauka dhikri. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Saidi, alichukuliwa na mto Ijumaa moja ya masika akienda kusali, akapatikana siku ya tatu kwenye matete. Akabaki na mdogo, Akimu, ambaye naye alikuwa amekwishakuwa mtu mzima, na kila Ijumaa ya mvua alikunja kanzu yake akavuka. Mama mtu husimama ukingoni akisoma Ayatul Kursiyu mpaka amwone mwanawe ametoka upande wa pili. Ungemwuliza nini alichokitaka katika dunia hii, angekwambia: msikiti wa Ijumaa hapa hapa Nakalongo.

Ikaja habari kwamba Kadhi Muhsini atashuka kutoka milimani kuwahesabu watu. Kadhi huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na mtindo wake: akimaliza kuhesabu vichwa, humwita mkunga wa kijiji na kumwuliza. Alisema wanaume husahau nani yupo na nani hayupo, lakini mkunga hasahau aliyempokea.

Jumbe Likwata alilijua hilo. Siku moja kabla ya ugeni akaenda kwa Abiti Chikoja, akamkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo jumbe umekuja kwangu kwa miguu yako? Nani ana uchungu?"

"Mimi," akasema Likwata, akacheka peke yake. Kisha akainama. "Mama, kesho kadhi akikuuliza, sema arobaini. Mhesabu Saidi. Kadhi ni mgeni, hajui nani yuko shambani na nani yuko kaburini. Na wewe si muongo, ulimzaa kweli."

Abiti Chikoja akaweka kisu chini.

"Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii," akasema. "Nimekwisha kumkabidhi kwa Mola wake. Nisimfufue kwa uongo."

"Na Akimu je? Masika hayo yanakuja. Utasimama ukingoni na ukweli wako?"

Wanasema mhogo aliokuwa nao yule mama mkononi ulimponyoka ukaviringika hadi mlangoni, asiuone. Mwishowe akasema, "Nisipoulizwa, sitasema. Nikiulizwa, Likwata, usiniombe."

Jumbe akaondoka na lake moyoni.

Asubuhi ya Ijumaa kadhi akawasili, akaketi msikitini, msikiti wa udongo na nyasi, akahesabu. Thelathini na wanane.

"Jumbe wenu yuko wapi?"

"Yu njiani, ya Shehe," wakajibu, "amemfuata mwenzetu mmoja aliyechelewa. Wakifika wawili hao tunatimia arobaini."

"Huyo wa pili ni nani?"

Kila mtu akatazama mkeka. Kadhi akaomba aitwe mkunga. Abiti Chikoja akaja, akasimama barazani, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Mama, nakuuliza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wanaume wa Nakalongo ni wangapi?"

Akamtazama Akimu aliyekaa safu ya pili. Akafumba macho.

"Thelathini na tisa, na jumbe ndani yao."

Pakavuma mle msikitini kama mzinga wa nyuki uliopigwa fimbo. Dada yake mwenyewe akapaza sauti huko nje, "Huyu kazi yake kukata vitovu, leo katukata sisi!"

"Kwa thelathini na tisa sina ruhusa," akasema kadhi.

"Najua, Shehe. Hakuna anayeitaka Ijumaa hii kuliko mimi. Wa arobaini alikuwa mwanangu. Luwesi ulimchukua akienda kusali Mbalika, na huyu mdogo wake masika haya atapita palepale."

Kadhi akainuka kwenye mkeka. "Mmekuwa mkivuka mto uliojaa? Miaka yote hii?"

"Jumbe alituambia ni wajibu," akasema Abiti Chikoja, "hata maji yakifika shingoni."

"Subhanallah! Nimeletewa barua tatu kutoka kijiji hiki, zote za kilemba. Habari ya mauti haimo hata katika moja!" Akawageukia watu, akasema polepole ili wazee nao wasikie: "Mwenye kuhofia roho yake ana udhuru. Luwesi ukijaa, Ijumaa haiwalazimu. Kaeni kwenu, salini adhuhuri. Na atakayewaambia vingine, aje aniambie mimi."

Abiti Chikoja akakaa chini hapo hapo barazani. Ukweli aliouogopa kuwa utamzamisha mwanawe ndio uliomvua mtoni. Nasikia yule dada yake ndiye wa kwanza kumletea maji ya kunywa, na bado hakuomba radhi. Ndugu ndivyo walivyo.

Kadhi akataka kutawadha. Maji ya kivukoni siku hiyo yalikuwa machafu, wanawake wamelowesha mihogo, basi wakampeleka juu kidogo, nyuma ya matete, kwenye mchanga mweupe. Kijiji kizima kikafuata, wake kwa waume.

Walipoyapita matete, tazama! Jumbe Likwata yu katikati ya mto, maji kiunoni, kanzu ameivingirisha shingoni kama mbeba kuni, na mgongoni amempakia Mwalimu Ajaba wa Mbalika, mzee mtukufu, kiwete wa mguu mmoja, aliyesifika nchi nzima kwa kusoma Yasini. Jumbe alikusudia kumketisha safu ya nyuma, ahesabiwe kichwa. Naye Mwalimu, maskini, hana habari. Kwa kuwa masikio yalikuwa mazito, alisema kwa sauti iliyofika kando zote mbili:

"Likwata mwanangu, huyo mgonjwa wa kusomewa yuko mbali? Maana nawe unatetemeka!"

Jumbe akainua uso. Akawaona wote.

Kumtua asingeweza, mzee angezama. Kurudi asingeweza, maana nyuma ni mbali zaidi. Kadhi Muhsini akajibu kutoka ukingoni:

"Mgonjwa umempanda, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka, ila mmoja, nami simtaji. Waja wema wametufunza kwamba uongo hauchoshi siku ya kuupakia. Huchosha pale unapokuwa huna tena pa kuutua. Basi Likwata akaja nao, hatua kwa hatua, maji yakimshuka kiunoni, magotini, vifundoni, macho ya Nakalongo yote juu yake, na yule mzee mgongoni amekwisha kuanza kumsomea Yasini.