Kufuli la Pua ya Kiboko

Hapo zamani za kale, na msinikodolee macho nikitaja kompyuta, maana zamani yenyewe ilikuwa ya juzijuzi tu, wanyama wa bonde moja la mtoni walikuwa na nyumba, masufuria, wakwe wasumbufu na mtandao.

Chini kabisa ya bonde, kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa, alikaa Nguchiro mmoja jina lake Bi Mashavu, ingawa mashavu yenyewe hakujaliwa. Alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na mwingi wa wasiwasi. Jani likidondoka, yeye huyo kasimama wima kwa miguu ya nyuma, shingo juu: "Nani? Nini? Wapi?"

Msimu ule wasiwasi ulikuwa na sababu. Alikuwa amejifungua, na watoto hata macho hawajafumbua. Mvua zilikuwa zinanyesha mlimani, na mto ule ulikuwa na tabia mbaya: bondeni jua linawaka, mlimani kunanyesha, halafu maji yanashuka kwa mkupuo na kuzoa kila kilicho shimoni.

"Si uhamie kilimani?" mtamuuliza. Thubutu! Kilima kile kilikuwa kipara, na juu yake alizunguka Mwewe mchana kutwa. Nguchiro peke yake na vitoto vyake angekuwa kitoweo. Ilibidi kuhama siku ile ile ya maji, pamoja na wanyama wote, kwa kuwa Mwewe huogopa umati. Na wanyama wote hawaondoki majumbani mwao bila habari ya uhakika.

Habari hiyo Bi Mashavu aliipata kwa dada yake Sikuzani, aliyeolewa juu mlimani. Kila alasiri walicheza bao la mtandaoni. Huku wakisogeza kete, wanaandikiana.

"Umekula nini, mdogo wangu?"

"Panzi. Nyie huko?"

"Mayai. Mto umetulia, cheza zamu yako, acha kunizubaisha."

Basi Bi Mashavu akiona hayo maneno "mto umetulia", moyo unashuka, analala usingizi wake.

Sasa, Mtemi wa bonde alikuwa Kiboko, na alikuwa na ndama wake mmoja, kipenzi cha roho. Ndama yule alinogewa na michezo ya mtandaoni mpaka akasahau kula majani. Macho mekundu, mbavu zinahesabika. Kiboko akalia machozi ya kweli, na hapo, wanangu, simlaumu. Bi Mashavu mwenyewe aliwahi kuwazimia wanawe wakubwa kompyuta wakiwa katikati ya mchezo, wakanuna siku nzima.

Lakini Kiboko alikuwa na katibu, naye katibu alikuwa Fisi.

"Mtemi," alisema Fisi, "dawa ninayo. Programu inaitwa Kufuli. Tukiiweka kwenye kila kompyuta, hakuna kitakachofunguka bila ruhusa. Michezo tunaipiga marufuku kabisa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya... ya ofisi, Mtemi. Mimi nipo."

Kiboko akamtazama kwa jicho la pembeni. Hakumwamini Fisi. Hakumwamini mtu yeyote.

"Ruhusa itakuwa yangu!" alinguruma. "Kwa pua yangu mwenyewe! Niiweke kwenye kioo ndipo kifunguke. Na kila ombi likija, kengele ilie niisikie, asije mtu akanizunguka!"

Ikawa hivyo. Mtambo wenyewe wenye kioo hicho na kengele, kwa kuwa unaogopa maji, ukawekwa ofisini kwa Fisi, mahali pakavu juani. Mbiu ikapigwa: kompyuta itakayokutwa haina Kufuli itatupwa mtoni.

Wanyama wakabishana pale sokoni.

"Mimi naipenda," alisema Kobe. "Kioo kinapendeza, rangi nzuri, hufikirii kitu. Siyo ile programu ya Bi Mashavu tuliyokuwa tukiitumia! Ile niliambiwa nichapishe barua, nikakesha nayasoma maelekezo."

"Ni kweli inakwama," alijibu Bi Mashavu. "Lakini imeandikwa wazi, Mzee Kobe. Ikikwama naifungua, naona palipoharibika, naparekebisha, na wewe nakupa. Hiyo Kufuli ikikwama utamfungua nani? Fisi?"

"Shh!" Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba.

Kesho yake Fisi akaja kichuguuni. Kompyuta ya Bi Mashavu ikawekewa Kufuli, kla! Alasiri akataka kucheza bao na dada yake. Kioo kikaandika: OMBA RUHUSA YA MTEMI. Akaomba. Jibu likaja: MCHEZO. HAIRUHUSIWI.

Akakimbia mpaka mtoni.

"Mtemi, shikamoo. Si mchezo ninaoutaka. Nataka kujua hali ya maji. Dada yangu yupo mlimani, naye hupatikana kwenye bao tu."

Kiboko alikuwa majini, pua tu nje. "Marahaba. Bao si mchezo?"

"Ni mchezo, Mtemi, lakini..."

"Basi. Nikikuruhusu wewe, kesho ndama wangu naye atasema anauliza hali ya maji. Nenda." Bulubulu, akazama.

Bi Mashavu alirudi nyumbani. Juu ya mlima mawingu yalikuwa meusi tititi. Watoto walikuwa wanalia wanataka kunyonya, na yeye maziwa yamekata kwa hofu. Alifikiria kupanda mlimani kwa miguu, lakini safari ile ni ndefu, na watoto angemwachia nani? Akanusa mto. Ulikuwa unanuka udongo. Jamani, aliogopa! Aliogopa mpaka akawa anazunguka kichuguu chake, anaingia tundu hili, anatokea lile.

Katika kuzunguka huko ndipo akasimama ghafla. Akaangalia jua. Akaangalia ofisi ya Fisi pale pakavu. Akakumbuka ngozi ya Kiboko.

"Haa!" alisema. "Tatizo letu ni kwamba tunaitii sheria nusunusu."

Akaenda nyumba hadi nyumba. Kwa Kobe, kwa Nungunungu, kwa Ngiri na ukoo wake mzima.

"Jirani, kesho fanya kama sheria inavyosema. Usiguse kitu bila ruhusa. Ukitaka kuwasha, omba. Ukitaka kuzima, omba. Ukitaka kukuza herufi, omba."

"Hata nikitaka kubadili picha ya kioo?" aliuliza Ngiri.

"Hasa hiyo! Na ikikaa vibaya, omba ruhusa ya kuirudisha."

"Mtemi atakasirika."

"Atamkasirikia nani? Mnamtii."

Kulipokucha jua lilitoka kali, halina hata wingu la kulifunika. Kiboko ndiyo kwanza ametoka malishoni, kaingia majini, kajinyoosha, aaah.

Ting!

Akatoka. Akajikokota hadi ofisini, akaweka pua kwenye kioo. Kobe alikuwa anaomba ruhusa ya kuwasha kompyuta. Akaruhusu. Akarudi majini, chubwi!

Ting!

Kobe tena. Anaomba ruhusa ya kuongeza mwanga.

Ting! Nungunungu anaomba kuandikia wakwe zake. Ting! Anaomba kufuta alichoandika. Ting! Ting! Ting! Ukoo wa Ngiri wanabadili picha.

"Nini hiki?" Kiboko aliunguruma.

"Utii, Mtemi," alisema Fisi, naye meno nje.

Wanangu, ngozi ya kiboko haitaki jua. Akikaa nje inakauka, inabana, inapasuka. Jua lilipopanda, Kiboko alikuwa anatoka jasho jekundu mgongo mzima. Akifika ukingoni, kabla hajalowesha hata kwato, ting! Anageuka. Ting! Anageuka tena. Mwisho akajibwaga mlangoni pa ofisi, puu! anahema.

Bi Mashavu alikuwa pembeni anatazama, mkia umemsimama. Kwa mbali kwenye mlima palisikika ngurumo. "Haraka, haraka," alijisemea. Hakujua kama maji yapo bado juu au yako njiani.

Fisi naye akaona nafasi yake. Akainama sikioni kwa Kiboko, sauti laini ya mafuta.

"Mtemi, unateseka bure. Badilisha kufuli. Weka pua yangu mimi. Wewe pumzika majini, mimi nitawaruhusu na kuwakatalia."

Kiboko akafumba macho. "Sawa," alisema kwa uchovu. "Sawa, Fisi. Lete hicho kioo..."

Bi Mashavu hakutegemea hili. Kufuli likienda kwa Fisi, Fisi haumii na jua. Ataketi pale mwaka mzima. Akaruka, akasimama mbele ya pua ya Kiboko, pua yenyewe kubwa kuliko yeye.

"Mtemi! Swali moja!"

"Ondoka, kijidudu!" Fisi alifoka.

"Moja tu. Watu wote wakiomba ruhusa kwa Fisi, na ndama wako akiomba kwa Fisi, na wewe mwenyewe ukitaka kusoma tangazo uombe kwa Fisi, Mtemi ni nani?"

Kiboko akafumbua jicho moja. Akamgeukia Fisi polepole.

"Na mimi nitakuomba?"

"Aa, Mtemi, hiyo ni... ni utaratibu tu..."

"Na nitajuaje unachofanya humo ndani?"

"Hutajua," Bi Mashavu alidakia. "Kufuli imefungwa, haisomeki. Lakini programu yangu ile ya zamani, Mtemi, imeandikwa wazi. Wewe, mimi, Kobe, yeyote anaweza kuifungua na kuona inafanya nini. Fisi hana pa kujificha humo. Na haina kengele."

"Haina kengele?" Kiboko aliuliza kama mgonjwa anayetajiwa maji.

"Hata moja."

Ting! ikalia kengele ya Kufuli. Ting!

"Na ndama wangu? Macho yake?"

Hapo Bi Mashavu alishusha sauti. "Ndama wako mzimie wewe, Mtemi, jua likizama. Atanuna. Wangu pia hununa. Hiyo ni kazi ya mzazi, programu haiwezi kukufanyia."

Ting! Ting! Ting!

"Basi yatosha!" Kiboko alipiga mayowe. "Kila mtu ajiruhusu mwenyewe! Ondoeni kitu hiki!" Akabandika pua kwenye kioo kwa mara ya mwisho, kla, Kufuli ikafunguka bonde zima. Akajivingirisha hadi mtoni, chubwiii!

Bi Mashavu hakungoja hata kuaga. Alikimbia, fyuu, akaingia kichuguuni, akafungua bao. Kwa haraka zake akakosea mara mbili. Upande wa pili dada yake alikuwa ameandika na kuandika:

"Mashavu. Mashavu, jibu. Jibu mdogo wangu, mbona kimya? Miti iliyoziba mto huku juu imekatika. Maji yanashuka. Ondokeni. Mashavu, kama upo hai, ondokeni!"

"Uuuwi!" Alitoka na mtoto mdomoni. "Maji! Maji yanakuja! Kilimani!"

Na kwa kuwa kompyuta zote zilikuwa wazi, aliwapelekea wote maneno ya dada yake kama yalivyo. Nungunungu akabeba wanawe, Ngiri na ukoo wake wakainua mikia, wakatimka. Wakapanda kwa pamoja, vumbi tupu. Mwewe akashuka, akaona umati, akapaa tena. Wanawe wakubwa wa Bi Mashavu walibeba mtoto mmoja mmoja mdomoni, na yeye alirudi kumchukua wa mwisho maji yakiwa yanasikika, vuuuu, nyuma ya kona ya bonde.

Fisi peke yake alibaki ofisini.

"Bwana Fisi, njoo!" Bi Mashavu alimpigia kelele akipita.

"Tangazo halijafika kwenye mtambo wangu!" alijibu Fisi. Alikuwa ameirudisha Kufuli kwenye kompyuta yake, anahangaika kuingiza pua yake. "Hapa pameandikwa SUBIRI RUHUSA!"

Vuuu! Maji yalikuja mekundu, na magogo, na mawe. Yalizoa ofisi, mtambo, kengele, kichuguu, kila kitu. Fisi alionekana kwa mbali juu ya mgunga, amekumbatia tawi lenye miiba, analia, kicheko chake chote kimeisha.

Kiboko alipanda kilimani wa mwisho, ameloana, akimsukuma ndama wake mbele kwa pua. Mawe yale yangemponda mtoto yule kama yai. Akamkuta Bi Mashavu amejikunja juu ya watoto wake, anawalamba, anawanusa mmoja mmoja, anaanza tena upya, hawezi kuacha.

Kiboko akasimama mbele yake.

"Nguchiro," alisema. "Leo asubuhi. Zile kengele. Ulinidanganya."

Bi Mashavu alimtazama usoni.

"Hapana, Mtemi. Nilikutii."

Kiboko alimlaza ndama wake pembeni ya watoto wa Nguchiro, akakaa upande wa jua ili kivuli chake kiwafunike wote, ngozi yake ikiuma.

Mimi nimewafikisha hapo, na mafunzo yake ni haya: ukiwafungia wenzako wote kwa kufuli moja, siku ya hatari umemfungia humo na mwanao.